Mwongozo Kamili: Kupima Glifosati Kwenye Maharagwe Makavu Bila Kuipoteza Njiani

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa mafundi wa maabara na wanafunzi wa kemia hapa Nairobi ni lile lile: nimetia glifosati, ile dawa ya magugu, kwenye maharagwe kwa mkono wangu, nimefuata kila hatua ya QuEChERS (njia ya kawaida ya kudondoa viuatilifu kwenye chakula), na mashine inasema hakuna kitu. Mashine haina kosa. Glifosati ilimwagwa pamoja na maji.

QuEChERS hutenganisha asetonitrili na maji kwa chumvi, kisha unachukua asetonitrili. Viuatilifu vingi hukimbilia huko. Glifosati na jamaa zake (AMPA, ambayo ni zao la kuvunjika kwa glifosati, glufosinati, ethefoni, fosetili, asidi ya fosfoniki, klorati, klomekwati, parakwati) hupenda maji na hubaki kwenye maji. Hakuna chumvi wala poda itakayozitoa humo.

Njia inayofaa ni QuPPe, iliyotengenezwa na maabara rejea ya Umoja wa Ulaya iliyoko Stuttgart, Ujerumani. Maji ya sampuli na methanoli yenye asidi huchanganywa na hayatenganishwi kamwe. Faida yake ni kwamba hakuna kinachoachwa nyuma. Gharama yake ni kwamba uchafu wote wa chakula unakwenda nawe hadi kwenye mashine: sukari, chumvi, protini, kila kitu. Kwa hiyo katika kazi hii usahihi hautoki kwenye kusafisha. Unatoka kwenye mambo mawili: kiasi cha maji unachokijua, na kipimo cha ndani chenye isotopu (glifosati ile ile, ila ya atomi nzito kidogo, ya kulinganishia) kilichowekwa mapema. Ukiyashika hayo mawili, mengine yote yanarekebishika.

Nimechagua maharagwe makavu kwa sababu ndiyo yanayowashinda watu. Sukuma wiki ni rahisi zaidi, na nitaitaja inapotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Methanoli ya daraja la LC-MS (safi kiasi cha kufaa mashine hiyo), asetonitrili ya daraja hilo hilo, asidi ya fomiki na asidi asetiki.
- Methanoli yenye asidi: weka mililita 10 za asidi ya fomiki kwenye chupa ya lita 1, jaza methanoli hadi alama.
- Myeyusho wa EDTA wa asilimia 10 kwenye maji.
- Maji safi kabisa kutoka kwenye mashine ya kusafishia maji ya maabara. Maji ya mfereji yametiwa klorini, na palipo na klorini klorati haiko mbali.
- Glifosati na AMPA halisi zenye cheti, pamoja na glifosati yenye isotopu (kaboni 13 mbili na nitrojeni 15) na AMPA yenye isotopu.
- Mirija ya sentrifuji ya plastiki ya mililita 50 na ya mililita 10 au 15, na vichupa vya mashine vya polipropilini. Usiweke vya kioo.
- Poda ya C18, miligramu 100 kwa kila sampuli.
- Vichujio vya sindano vya mikromita 0.2, au vichujio vya protini vya kilodalton 5 au 10.
- Kinu, mizani, friza, mashine ya kutikisa, sentrifuji.
- LC-MS/MS (mashine inayotenganisha vitu ndani ya kolamu, kisha kuvitambua kwa uzito) yenye kolamu ya kaboni ya aina ya Hypercarb, au kolamu nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya viuatilifu vya aina hii.
- Maharagwe yasiyo na glifosati. Tafuta mkulima unayemjua ambaye hapulizi dawa ya magugu, kisha uyapime kwanza. Neno la mkulima pekee halitoshi.

Myeyusho mama wa glifosati tengeneza kwa maji, uuhifadhi kwenye plastiki. Glifosati haiyeyuki vizuri kwenye methanoli, na wanaojaribu kuiyeyusha humo huanza kazi yote wakiwa na kipimo cha uongo.

## 1. Chukua sampuli inayowakilisha gunia

Ukienda soko la nafaka la Nyamakima ukanunua gorogoro moja kutoka mdomoni mwa gunia, umepima mdomo wa gunia. Tumia bambo, uchome sehemu mbalimbali za gunia, juu, katikati na chini, na magunia kadhaa ya shehena hiyo hiyo. Changanya, kisha punguza hadi angalau kilo 1. Mwongozo wa Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) wa kuchukua sampuli za mabaki ya viuatilifu, CAC/GL 33-1999, unataka kilo 1 kwa kunde na nafaka.

Usichanganye aina. Rosecoco ya shehena moja na mwitemania ya nyingine ni sampuli mbili, kwa sababu zimetoka mashamba tofauti. Andika aina, soko, tarehe na namba ya shehena kwenye mfuko palepale sokoni.

Usioshe maharagwe. Hiki tunachokitafuta ndicho kinachopenda maji.

## 2. Saga hadi unga laini

Lenga chembe zisizozidi milimita 0.5. Chembe kubwa huzuia methanoli kufika ndani, nawe utapata majibu yanayoruka kutoka mrija hadi mrija. Kinu kikipata moto, saga kidogo kidogo, au gandisha maharagwe kwanza.

Umefanikiwa kama ukipitisha unga kwenye chekecheo la milimita 0.5 hakibaki kitu cha maana juu. Vikibaki vipande vya maganda, virudishe kwenye kinu. Usivitupe, kwani ganda nalo ni sehemu ya sampuli.

Safisha kinu kati ya sampuli moja na nyingine, na mwisho wa siku saga maharagwe yako safi uyapime kama sampuli tupu. Ndiyo njia pekee ya kujua kama kinu kinahamisha mabaki.

## 3. Pima gramu 5 na uweke kipimo cha ndani sasa hivi

Weka gramu 5 za unga kwenye mrija wa mililita 50. Kisha, kabla ya maji na kabla ya methanoli, ongeza mikrolita 100 za kipimo cha ndani chenye mikrogramu 10 kwa mililita. Hiyo ni mikrogramu 1 ndani ya gramu 5, sawa na miligramu 0.2 kwa kilo.

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka. Glifosati yenye isotopu ina tabia sawa na glifosati ya kawaida: ikipotea nusu, nayo hupotea nusu, ikimezwa na uchafu ndani ya mashine, nayo humezwa. Uwiano wa hizo mbili haubadiliki. Mrija ukivuja kidogo baadaye, au filta ikinyonya kiasi, jibu lako bado liko salama.

Isotopu ni ghali, na najua maabara ambazo bajeti yake haimudu. Kuna njia ya kubana matumizi: weka kipimo cha ndani kwenye mililita 1 ya dondoo mwishoni, ambapo kiasi kinachohitajika ni sehemu moja ya ishirini. Lakini fahamu unachokipoteza. Kitarekebisha kile kinachotokea ndani ya mashine, wala si hasara ya wakati wa kudondoa, na ujazo wote wa mililita 20 lazima uwe sahihi. Ukikosa isotopu kabisa, tumia njia ya kuongeza kiwango kinachojulikana kwenye sampuli ile ile, sehemu kadhaa kwa viwango vinavyopanda. Ni kazi ndefu, ila ni ya kweli. Kutumia mstari wa kalibresheni uliotengenezwa kwa maji matupu si njia.

## 4. Rekebisha maji

Ongeza mililita 9 za maji na mililita 1 ya EDTA. Jumla mililita 10.

EDTA ina kazi yake. Maharagwe yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na glifosati hushikamana na madini hayo. EDTA huyakamata madini, glifosati ikaachiliwa. Bila EDTA glifosati ya maharagwe hurudi pungufu.

Kwa sukuma wiki mambo ni tofauti: pima gramu 10, na kwa kuwa mboga yenyewe karibu yote ni maji, ongeza maji kidogo tu hadi jumla ya maji ifike takriban mililita 10. Tumia jedwali la kiasi cha maji cha kila zao, usikisie. Bila kipimo cha ndani, kosa la mililita 1 kati ya 20 ni kosa la asilimia 5 kabla hujafika popote.

## 5. Dondoa kwa methanoli yenye asidi

Ongeza mililita 10 za methanoli yenye asidi. Funga vizuri, tikisa kwa nguvu, kisha weka kwenye mashine ya kutikisa kwa dakika 15. Mboga mbichi zilizosagwa laini huhitaji dakika 1 tu; vitu vikavu vinahitaji muda ili maji yaingie ndani ya chembe.

Ukiuinamisha mrija, unga wote uelee kwenye kimiminika. Ukiona donge limeng'ang'ania chini, ligonge, utikise tena. Donge kavu lina glifosati isiyoguswa.

Asidi isipunguzwe kwa kuogopa harufu. Ethefoni, kwa mfano, huvunjika na kuwa gesi ya ethilini asidi ikikosekana, na anayepima mananasi ya Thika bila asidi ataandika sifuri mahali pasipo na sifuri.

Fanya kazi ndani ya kabati la moshi. Methanoli inapofusha, na hupita kwenye ngozi pia.

## 6. Gandisha, kisha zungusha mara moja

Weka mirija kwenye friza ya nyuzi hasi 80 kwa dakika 30. Kama huna, nyuzi hasi 18 au chini zaidi kwa saa 2 zinatosha. Baridi hufanya protini, wanga na mafuta vigande na kushuka.

Ukiitoa, iingize kwenye sentrifuji papo hapo. Sentrifuji yenye ubaridi na kasi kubwa ndiyo bora, lakini ya kawaida inafaa mradi usiache mirija mezani. Iliyopata joto huyeyusha tena kile ulichokigandisha, na saa mbili zako zimekwenda bure. Umeme ukikatika katikati ya saa hizo mbili, usifungue friza. Ukirudi, anza kuhesabu upya.

Juu ya mrija ubaki na kimiminika kilichotulia. Ukungu kidogo si tatizo kwa maharagwe, maana hatua inayofuata ni ya kuuondoa.

## 7. Ondoa protini kwa asetonitrili

Chukua mililita 2 za kimiminika cha juu, uweke kwenye mrija mdogo wenye miligramu 100 za C18 na mililita 2 za asetonitrili. Tikisa dakika 1, zungusha tena.

Asetonitrili ikigusa dondoo la maharagwe, mchanganyiko unageuka mweupe ghafla, kama maji ya kuoshea mchele. Hiyo ni protini inayojitenga, na ndicho unachokitaka. Isipogeuka nyeupe hata kidogo, kagua kama kweli umeweka asetonitrili wala si methanoli. Sukuma wiki haihitaji hatua hii.

Pitisha kwenye kichujio moja kwa moja hadi kwenye kichupa cha polipropilini. Usitumie kioo: glifosati hushika kuta za kioo, na hushika zaidi asetonitrili inapokuwa nyingi, kama ilivyo sasa. Kama unapima perklorati, jaribu kichujio chako kwanza kwa myeyusho mtupu, kwa sababu baadhi ya vichujio huachilia perklorati.

Kumbuka hesabu ya mkusanyiko. Gramu 5 ndani ya mililita 20 ni gramu 0.25 kwa mililita. Ukiongeza asetonitrili sawa kwa sawa, inabaki gramu 0.125 kwa mililita. Kwa hiyo miligramu 0.05 kwa kilo ni nanogramu 6.25 kwa mililita ndani ya kichupa. Mashine yako ikishindwa kuona kiwango hicho, usiahidi kuripoti 0.05.

## 8. Andaa kolamu kabla ya kuamini kilele chochote

Kolamu ya kaboni ikiwa mpya ina sehemu zinazokamata glifosati na kuing'ang'ania. Wengi huingiza kipimo safi, wakaona kilele kipana kilicholala au wasione kitu, wakairudisha kolamu dukani. Mbovu si kolamu. Ichome dondoo la spinachi la QuPPe mara kumi au zaidi mfululizo, ili uchafu wa mboga uzibe sehemu hizo, kisha ingiza kipimo. Kilele kitasimama. Rudia baada ya kolamu kukaa muda mrefu bila kazi.

Chuma nacho hukamata glifosati. Pale inapowezekana tumia mirija ya plastiki ya PEEK kati ya sindano na mashine.

Kwa Hypercarb, kiyeyushi cha kwanza ni maji yenye asilimia 1 ya asidi asetiki na asilimia 5 ya methanoli. Cha pili ni methanoli yenye asilimia 1 ya asidi asetiki. Joto la kolamu nyuzi 40, ujazo wa kuchoma mikrolita 5, mashine ikisoma ioni hasi.

Fuatilia ioni hizi (uzito wa ioni nzima, kwenda uzito wa kipande chake):

- Glifosati: 168 kwenda 63, na 168 kwenda 150 au 124.
- Glifosati yenye isotopu: 171 kwenda 63.
- AMPA: 110 kwenda 63, 79 na 81.

Kuna mtego kwenye AMPA. Fosetili ina uzito wa 109, lakini sehemu ndogo yake yenye kaboni 13 husomeka 110, nayo huvunjika kwenda 63 na 81 kama AMPA. Sampuli yenye fosetili nyingi inaweza kukuonyesha AMPA isiyokuwepo. Dawa yake ni muda: hakikisha hizo mbili zinatoka kwenye kolamu kwa nyakati tofauti. Hali ni hiyo hiyo kwa asidi ya fosfoniki na asidi ya fosforiki, na fosforiki haikosekani kwenye chakula.

## 9. Tengeneza kalibresheni ndani ya maharagwe

Dondoa maharagwe yako safi kwa hatua zile zile, bila kipimo cha ndani. Gawa dondoo hilo, uongeze glifosati kwa viwango vinavyolingana na miligramu 0.02, 0.05, 0.1, 0.2, 0.5 na 1 kwa kilo, na kipimo cha ndani sawa katika vyote: nanogramu 25 kwa mililita, ambazo ndizo sampuli zako zitakuwa nazo mwishoni.

Chora mstari wa uwiano wa vilele dhidi ya kiwango. Kila alama isitofautiane na mstari kwa zaidi ya asilimia 20. Usiridhike na ile R mraba ya 0.99; huficha makosa makubwa kwenye viwango vya chini, na huko chini ndiko kazi iliko.

Mfano: kama glifosati na isotopu yake zinasomeka sawa, uwiano wa 1 ni miligramu 0.2 kwa kilo. Sampuli ikitoa uwiano wa 0.46, jibu ni 0.092.

Sampuli ikizidi alama ya juu, watu huchukua dondoo wakalizimua kwa maji. Haisaidii. Ukizimua, glifosati na isotopu hupungua pamoja, uwiano unabaki pale pale nje ya mstari. Rudi kwenye unga, upunguze gramu unazopima au uweke kipimo cha ndani kingi zaidi, udondoe upya.

## 10. Thibitisha kabla ya kutoa cheti

Kabla ya sampuli ya mteja, tia glifosati kwenye maharagwe safi: mirija mitano kwa miligramu 0.05 kwa kilo, mitano kwa 0.5. Kwa 0.05 ni mikrolita 25 za myeyusho wa mikrogramu 10 kwa mililita ndani ya gramu 5. Acha itulie dakika 30, kisha dondoa.

Vigezo vya mwongozo wa Ulaya, SANTE/11312/2021, ni hivi: wastani wa kiasi kilichorudi uwe kati ya asilimia 70 na 120, na mtawanyiko usizidi asilimia 20. Kwa kila kilele, muda wa kutoka usipishane na wa kipimo kwa zaidi ya dakika 0.1, uwiano wa ioni mbili usipishane kwa zaidi ya asilimia 30, na sampuli tupu isionyeshe zaidi ya asilimia 30 ya kiwango cha chini unachoripoti. Tena kilele kitoke kwa muda usiopungua mara mbili ya ule wa vitu visivyoshikwa na kolamu kabisa.

Kigezo cha ioni mbili msikipuuze. Kilele kimoja kwenye 168 kwenda 63 hakijawa glifosati.

Ukifika kwenye hukumu, kuwa mwangalifu na riziki ya mtu. Soma kwanza kikomo cha sasa cha glifosati kwenye maharagwe makavu; hapa tuseme, kwa mfano tu, ni miligramu 2 kwa kilo. Umepata 2.6? Kwa shaka ya kipimo ya asilimia 50 inayokubalika kwa kawaida, ukweli unaweza kuwa 1.3. Huwezi kusema shehena imevunja kikomo. Ungepata 4.5, ukatoa nusu, bado 2.25 iko juu: hapo sema, na useme bila kusita. Na kama cheti kitatumika kisheria au kwa mauzo ya nje, njia yako iwe ndani ya ithibati ya ISO/IEC 17025, ambayo hapa Kenya hutolewa na KENAS, shirika la taifa la ithibati.

## Mabaki ya maabara

Methanoli, asetonitrili na asidi visimwagwe sinki. Viweke kwenye madumu yenye lebo, uvikabidhi kwa msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ni jambo la ajabu kupima sumu ya chakula cha watu huku ukimimina yako kwenye mfereji unaoelekea Mto Nairobi.

## Ukitaka kupima zaidi ya glifosati

Klomekwati na mepikwati hutoka kwa dondoo lile lile, ila zina chaji chanya: tumia kolamu ya HILIC (aina inayoshika vitu vinavyopenda maji) na usome ioni chanya, 122 kwenda 58 na 114 kwenda 98. Unaporipoti klomekwati kama klomekwati kloridi, zidisha kwa 1.29.

Parakwati na dikwati haziwezi kufuata njia hii. Hushika chembe za chakula kwa nguvu mno, na methanoli ya baridi haizing'oi. Zinahitaji methanoli na asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, nusu kwa nusu, ndani ya maji ya nyuzi 80 kwa dakika 15. Mchanganyiko huo huchemka kabla ya nyuzi 80, na kwenye mwinuko wa Nairobi huchemka mapema zaidi, kwa hiyo mvuke hujenga shinikizo ndani ya mrija. Jaribu mirija yako kwanza ikiwa na kiyeyushi kitupu, nyuma ya kioo cha kinga, na baada ya dakika 15 ipoze kabisa kabla hujagusa kifuniko. Mrija uliopoteza kimiminika kwa kuvuja utupe, utafute wa aina nyingine.